Mwiba Uliobaki

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya lesoni ya juma hili: 2 Kor. 12:7-10, Ezek. 15:1-5, Yn. 15:1-8, Mt. 26:36-46, 1 Fal. 19:1-8.

Fungu la kukariri: 2 Wakorintho 12:9.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa moja la huku kwetu Dodoma, mama aliyefundisha darasa la watoto alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanatoka kwa shida. Wazee wa kanisa walimpaka mafuta na kumwombea, kama Yakobo 5:14 inavyoagiza. Wiki zikapita, mkono haukuinuka. Baadhi ya washiriki wakaanza kunong'ona kwamba huenda kuna dhambi ambayo hajaiungama. Mimi sikunong'ona, ila nilifanya baya zaidi: nilimwambia usoni aongeze imani. Akanitazama kwa muda, kisha akasema polepole, "Mwalimu, nimeamini mpaka nimechoka. Sasa niongeze kutoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Sabato iliyofuata hakuonekana kanisani, wala iliyofuata hiyo.

Juma hili hatuulizi kama Mungu anaponya. Anaponya. Tunauliza anatupa nini pale udhaifu unapobaki.

JUMAPILI: Mara Tatu

Soma 2 Wakorintho 12:7-10. Paulo aliomba nini, na jibu alilopewa lilitofautianaje na ombi lake?

Watu wamekisia mengi kuhusu ule mwiba: macho, homa, maadui. Biblia haisemi, na nadhani ni vizuri kwamba haisemi, maana kila mmoja wetu anaweza kuutaja wa kwake hapo. Tunachoambiwa ni kwamba aliomba mara tatu uondolewe, na haukuondolewa. Alipewa neema. Huyu ndiye mtu ambaye leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona (Mdo 19:11, 12). Huyo huyo alimwacha Trofimo, mtenda kazi mwenzake, akiwa mgonjwa huko Mileto (2 Tim. 4:20). Hakuandika kwamba Trofimo alipungukiwa imani.

Angalia mwisho wa fungu la 9. Paulo anaposema juu ya uweza wa Kristo kukaa juu yake, neno alilolitumia katika Kiyunani ni la kupiga hema. Uweza haukungoja apone ndipo uje. Ulipiga hema juu ya udhaifu wenyewe.

Sisi tumezoea kudhani kwamba Mungu huondoa udhaifu kwanza, kisha hutia nguvu mahali pake, kama mtu amwagavyo maji machafu ya ndoo kabla ya kutia masafi. Kwa Paulo vyote viwili vilikuwa ndani ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja.

JUMATATU: Mti Usiofaa Hata Chango

Soma Ezekieli 15:1-5. Nabii anauliza nini kuhusu mti wa mzabibu?

Fungu hili tunaoishi Dodoma hatuhitaji kufafanuliwa sana. Nenda Hombolo, Mpunguzi au Makutupora ukaangalie shamba la zabibu. Shina limepinda, limejikunja, halijisimamishi. Mkulima amelipa nguzo na nyaya ili liegemee. Ukilikata hupati mpini wa jembe, hupati boriti ya tembe, wala, kama Ezekieli anavyosema, chango cha kutundikia chombo. Uzuri wake wote uko katika tunda.

Sasa tazama mbuyu. Unajisimamia, umenenepa, umehifadhi maji ndani ya shina lake, na kiangazi cha nchi yetu, ambayo kwa kawaida hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, hautetemeki. Wengi wetu tungependa kuwa Wakristo wa namna ya mbuyu: tuwe na akiba yetu, tusimtegemee mtu. Lakini Bwana alipotafuta mfano wa wanafunzi wake hakuchagua mti wa namna hiyo. Alichagua tawi la mzabibu (Yn. 15:5). Tawi halina akiba. Likikatwa asubuhi, mchana majani yake yameshalala. Na kukaa ndani ya mzabibu hakulifanyi liwe gumu kama mninga. Linabaki laini vile vile, ila lina uhai usiokuwa wake, na kwa uhai huo linazaa. (Najua zabibu nyingi za mkoa wetu huishia kwenye mapipa ya mvinyo. Hiyo ni lesoni ya siku nyingine.)

Wakati wa kupogoa, je, umewahi kuona shamba lilivyo? Mgeni angedhani limekufa. Yohana 15:2 inasema ni tawi gani linalosafishwa?

JUMANNE: Kikombe

Soma Mathayo 26:36-46 pamoja na Luka 22:43.

Yesu naye aliomba mara tatu. Kikombe hakikuondolewa, malaika alitumwa kumtia nguvu ili akinywe. Yeyote anayedai kwamba ombi lisilojibiwa kama lilivyoombwa ni dalili ya imani ndogo, na asimame kwanza pale Gethsemane.

JUMATANO: Mkate Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1-8. Malaika alimwambia Eliya afanye nini?

Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka mbele ya taifa zima, na sasa anaomba afe. Hakukemewa. Alilala, akaamshwa, akala mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa tena akala. Swali la Mungu lilikuja baadaye, huko Horebu. Kwanza chakula.

Yule mama wa kiharusi alirudi kanisani baada ya miezi mingi, na si kwa sababu ya neno lolote nililomwambia. Akina mama wa Dorkas walipanga zamu. Huyu anachota maji, huyu anafua, huyu analeta ugali wa uwele na mlenda, wanakaa naye anakula taratibu, wanaondoka. Hakuna aliyemhubiria. Siku moja akasema, "Sabato nitakuja, ila mnishike." Wakamshika.

Sasa anafundisha watoto tena. Mkono haujainuka. Akikwama katikati ya fungu, watoto humalizia.

ALHAMISI: Miezi Kumi na Mmoja

Ellen G. White alifika Australia mwishoni mwa mwaka 1891. Muda mfupi baadaye alishikwa na ugonjwa mkali wa viungo uliomtesa kwa miezi 11, akiwa na umri wa miaka 64. Aliwaita wazee wa kanisa, wakamwombea na kumpaka mafuta. Hakupona papo hapo; maumivu yaliendelea. Lakini mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko kwenda chini, uliweza kushika kalamu. Akiwa ameegemezwa kwa mito aliandika kurasa zipatazo 2,500, na kazi yake juu ya maisha ya Kristo iliendelea, ile tuliyoipokea mwaka 1898 kama kitabu tunachokiita Tumaini la Vizazi Vyote.

Nilimsimulia yule mama habari hii. Akacheka. "Yeye aliachiwa mkono wa kulia," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Mimi nimeachiwa watoto."

IJUMAA: Maswali ya Kujadili

1. Katika kanisa lenu, mgonjwa aliyeombewa asipopona, watu husema nini anapokuwepo? Husema nini anapoondoka?

2. Tofautisha kumtegemea Mungu na kukataa matibabu. Je, daktari na dawa vinaweza kuwa mkate wa chini ya mretemu?

3. Nani hajaonekana darasani kwenu kwa Sabato tatu zilizopita, na kuna anayejua sababu?