Namna Waamishi na Wahuteri Wanavyoipima Tekinolojia

Kuna dhana iliyoenea kwamba chombo kipya kikishavumbuliwa na kuuzwa kwa bei nafuu, jamii haina hiari ila kukipokea. Kwa mujibu wa dhana hiyo, kazi ya watu ni kujifunza kukitumia tu. Swali la kukikubali au kukikataa halipo. Dhana hiyo haikosi ushahidi, kwani motokaa, simu na televisheni zimeenea duniani kote bila ya mikutano kuitwa ili kuamua kama zinafaa. Hata hivyo, zipo jamii mbili huko Amerika ya Kaskazini, Waamishi na Wahuteri, ambazo kwa zaidi ya miaka mia moja zimekuwa zikiamua kwa pamoja ni chombo gani kiingie na kipi kibaki nje. Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi uamuzi huo unavyofanyika, sababu zake, na gharama zake.

ASILI YA JAMII HIZI

Jamii zote mbili zimetokana na shina moja. Mwaka 1525, mjini Zurich katika nchi ya Uswisi, kikundi cha Wakristo kilijitenga na makanisa ya wakati ule kikishikilia kwamba ubatizo ni wa mtu mzima aliyeamua mwenyewe, na kwamba muumini hashiki silaha. Waliteswa vikali. Mmoja wa viongozi wao, Jakob Hutter, ambaye Wahuteri wanaitwa kwa jina lake, alichomwa moto mjini Innsbruck mwaka 1536. Wafuasi wake walikwisha kuanza, tangu mwaka 1528 huko Moravia, kumiliki mali yote kwa pamoja. Waamishi walijitokeza baadaye, mwaka 1693, chini ya uongozi wa Jakob Ammann. Ndugu zao wa karibu, Wamennonite, si wageni Afrika ya Mashariki: wamisionari wao kutoka Pennsylvania walifika Shirati, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1934.

Waamishi walianza kuhamia Pennsylvania katika karne ya 18. Wahuteri waliondoka Urusi kati ya mwaka 1874 na 1879 wakaenda Dakota, na wengi wao wakahamia Kanada mwaka 1918. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waamishi walikuwa maelfu machache tu. Kufikia mwaka 2024 walikadiriwa kufikia 400,000. Wahuteri nao wanakadiriwa kuwa 50,000 hivi. Kwa hiyo jamii hizi si mabaki ya kale yanayotoweka. Zinakua upesi, na sehemu kubwa ya vijana wao, baada ya kufikia umri wa kuamua, huchagua kubaki.

JINSI WAAMISHI WANAVYOAMUA

Waamishi hawana mkuu mmoja wala makao makuu. Kila usharika, ambao kwa kawaida huwa na familia 20 hadi 40, hujitawala wenyewe. Ukubwa huo una sababu: ibada hufanyika katika nyumba za waumini kwa zamu, na watu husafiri kwa magari ya kukokotwa na farasi, hivyo usharika hauwezi kuwa mkubwa kupita uwezo wa nyumba, wala kuenea kupita uwezo wa farasi.

Kila usharika una kanuni zake, ambazo kwa lugha yao ya Kijerumani huitwa Ordnung. Sehemu kubwa ya kanuni hizo haikuandikwa; inajulikana kwa kuishiwa. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, waumini wote waliobatizwa, wanaume kwa wanawake, hukutanishwa ili kanuni zikumbushwe na watu waulizwe kama wanaafikiana. Pasipokuwa na mapatano, Meza ya Bwana huweza kuahirishwa. Hapana budi kusisitiza jambo hili, kwa sababu linaonyesha kwamba kwao suala la trekta au simu halitengwi na suala la amani baina ya jirani na jirani.

Chombo kipya kwa kawaida huingia kimyakimya. Mtu mmoja hukinunua na kukitumia, majirani humtazama. Kama hapana madhara yanayoonekana, na wengine wakakifuata, huzoeleka bila ya kura yoyote kupigwa. Kikileta mashaka, viongozi hukijadili, na mwenye nacho huweza kuombwa akiondoe. Ndiyo kusema kwamba jamii nzima hufanya aina fulani ya majaribio kabla ya kutoa hukumu.

MIFANO MITATU

Mfano wa kwanza ni simu. Katika wilaya ya Lancaster huko Pennsylvania, baadhi ya Waamishi waliweka simu nyumbani mwanzoni mwa karne ya 20. Kufikia mwaka 1910 hivi usharika uliamua kwamba simu zitolewe majumbani. Hoja haikuwa kwamba sauti ikipita katika waya ni dhambi. Iliogopwa kwamba simu ingeeneza masengenyo na kupunguza desturi ya watu kutembeleana. Hata hivyo, haja ya kumwita daktari au zima moto ilibaki. Baada ya muda yakapatikana maafikiano: simu iwekwe katika kibanda nje ya nyumba, itumiwe na familia kadhaa. Kwa njia hiyo mtu huweza kupiga simu anapohitaji, lakini simu haiwezi kumkatiza chakulani.

Mfano wa pili ni umeme. Karibu na mwaka 1920 Waamishi wa Lancaster walikataa kuunganisha nyumba zao na nyaya za makampuni ya umeme. Betri ya volti 12 hawakuikataa. Tofauti ni hii: betri ina kikomo na huhitaji kujazwa tena, na mwenye nayo hana budi kufikiri aitumie kwa kazi gani, waya utokao nje hauna kikomo, na ukishaingia huvuta nyuma yake kila kifaa kinachouzwa dukani. Mafundi wao wakabuni njia nyingine. Injini ya dizeli huendesha mtambo wa kushindilia hewa, na hewa hiyo hupelekwa kwa mabomba ili iendeshe misumeno, keekee na hata mashine za kushonea. Siku hizi sharika nyingi zimekubali vibao vya kupokea nguvu za jua, kwa kuwa navyo havimfungi mtu na waya wa nje.

Mfano wa tatu unahusu riziki yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, makampuni ya maziwa yaliwataka wafugaji waache madebe na kuhifadhi maziwa katika matangi makubwa yenye mitambo ya kupoza na kukoroga. Mfugaji asiye na tangi angekosa soko. Kwa Waamishi wa Lancaster hatari ilikuwa dhahiri: kukataa kabisa kungewaondoa wengi shambani, na kukubali kila sharti kungeingiza waya wa umeme. Viongozi wao walijadiliana na makampuni. Mwishowe matangi yalikubaliwa, ila yapozwe kwa injini ya dizeli na kukorogwa kwa betri, na maziwa yasichukuliwe siku ya Jumapili. Kundi lenye msimamo mkali zaidi, la Waamishi wa Swartzentruber, lilikataa matangi na kuendelea na madebe, likaridhika na bei ndogo zaidi ya maziwa yanayouzwa kwa watengenezaji wa jibini.

WAHUTERI: SHINA MOJA, JIBU JINGINE

Mgeni afikaye katika kijiji cha Wahuteri huko Alberta au Manitoba hukuta mambo tofauti kabisa. Hukuta matrekta makubwa, mashine za kuvunia nafaka, mabanda ya kuku yanayoendeshwa kwa mitambo, na kompyuta za kupima lishe ya mifugo. Pamoja na hayo, katika vijiji vingi televisheni hairuhusiwi, na hakuna mtu mwenye motokaa yake binafsi.

Tofauti hii hueleweka mtu akitazama umilikaji wa mali. Mwaamishi anamiliki shamba lake. Trekta linalotembea upesi mashambani na barabarani lingemwezesha kulima eneo kubwa, kununua ardhi ya jirani, na kuishi bila ya kuhitaji msaada wa yeyote. Ndiyo maana Waamishi wengi huliacha trekta zizini, likiwa na magurudumu ya chuma, liendeshe mashine nyingine hapo hapo lilipo. Shambani hutumia farasi, hata kama farasi hao huvuta mashine ya kufunga majani makavu yenye injini yake. Kwa Mhuteri, trekta ni mali ya kijiji chote. Haliwezi kumtajirisha mmoja na kumfukarisha mwingine. Kinachohofiwa ni kile kitu kidogo anachoweza mtu kukificha chumbani mwake na kukifurahia peke yake.

Utaratibu wa kuamua nao ni tofauti. Kijiji, ambacho kwa kawaida kina watu 60 hadi 150, huongozwa na mchungaji, msimamizi wa mali, mkuu wa shamba, na baraza la wazee. Ununuzi wa mtambo mkubwa huamuliwa kwa kura ya wanaume waliobatizwa. Wanawake hawapigi kura. Masuala yanayogusa vijiji vyote hupelekwa katika mikutano ya viongozi wa tawi zima.

Hata hivyo, mtambo mkubwa umewaletea Wahuteri tatizo lake. Kila mtu kijijini hana budi kuwa na kazi. Mashine inapofanya kazi ya watu kumi, watu hao hupewa nini? Baadhi ya vijiji vimejibu kwa kuanzisha viwanda vidogo.

TOKEO LISILOTARAJIWA

Mwaka 2016 wanasayansi walichapisha utafiti uliozilinganisha jamii hizi kwa upande wa afya. Uzao wao unakaribiana, chakula chao kinafanana, na kaya zao zote hazina moshi mwingi wa sigara wala wanyama wa kufugwa ndani. Lakini ugonjwa wa pumu ulionekana kwa asilimia 5.2 tu ya watoto wa shule wa Waamishi, na kwa asilimia 21.3 ya wale wa Wahuteri. Watafiti walichunguza watoto 30 wa Waamishi kutoka Indiana na 30 wa Wahuteri kutoka South Dakota, pamoja na vumbi la nyumba zao. Katika vumbi la Waamishi, kiasi cha endotoksini, yaani chembechembe zitokanazo na bakteria, kilikuwa karibu mara saba ya kile cha Wahuteri. Panya wa maabara waliopewa dondoo ya vumbi la Waamishi walikingwa na dalili za pumu. Vumbi la Wahuteri halikuwakinga.

Maelezo yaliyotolewa ni kwamba zizi la Mwaamishi liko karibu na nyumba, na watoto hucheza humo tangu utotoni, hivyo kinga ya mwili hupata mafunzo mapema. Mifugo ya Wahuteri iko mbali, katika mabanda ya mitambo. Katika mabaraza yao hakuna aliyelijua jambo hilo wakati maamuzi yalipofanyika. Linafundisha kwamba chombo huleta matokeo ambayo mnunuzi wala mkataaji hakuyatia katika hesabu.

GHARAMA ZA UAMUZI

Yafaa izingatiwe kwamba hiari hii ya jamii hulipiwa na mtu mmoja mmoja. Mwaamishi aliyebatizwa akikaidi kanuni huweza kutengwa, hata na jamaa zake. Masomo ya kawaida hukoma darasa la nane, haki waliyothibitishiwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972. Mtoto mwenye kipaji cha udaktari hana njia ila kuondoka. Kwa upande wa Wahuteri, kikundi kimoja huko Alberta kilikataa kupigwa picha za leseni za udereva kwa sababu za imani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Kanada ikaamua dhidi yao kwa kura nne kwa tatu.

Aidha, ni kosa kudhani kwamba watu hawa ni maadui wa sayansi. Kwa kuwa huoana wao kwa wao, wana magonjwa kadhaa ya kurithi ambayo ni nadra kwingineko. Mwaka 1989 daktari Holmes Morton alianzisha huko Lancaster kliniki ya watoto wenye magonjwa hayo. Waamishi waliisaidia kwa mikono na mali zao, na watoto wao hupimwa humo kwa mbinu za kisasa za elimu ya urithi. Zizi linamulikwa kwa taa ya betri, na damu ya mtoto inasomwa kwa mashine ya kisasa. Kwao hapana mgongano.

HITIMISHO

Waamishi na Wahuteri hawatofautiani na jamii nyingine kwa kuwa na zana chache. Wahuteri wanazo nyingi kuliko wakulima wengi duniani. Wanatofautiana kwa swali wanalouliza kabla ya kununua. Mtu wa kawaida huuliza: kitu hiki kitanifaa? Wao huuliza: tukiwa nacho sote, tutaishije sisi kwa sisi baada ya miaka ishirini? Swali hilo huulizwa mahali panapojulikana, kwa wakati unaojulikana, na watu watakaoyabeba matokeo yake. Nao hawana hakika ya majibu yao: simu ya mkononi, inayoingia mfukoni bila ya waya wala kibanda, imewarudisha katika mjadala ambao wazee wao walidhani wameumaliza mwaka 1910.