"Tumetoka Mbali" kwa Kiingereza

Makatibu wengi wa vikundi huandika ripoti kwa Kiingereza kwa sababu mfadhili hasomi Kiswahili. Hakuna ubaya. Lakini iko sentensi moja tunayoipenda sana, nayo hutuangusha: "We have come from far."

Katibu aliwaza "tumetoka mbali", akageuza neno kwa neno. Sisi hapa Kenya tukiisoma tunaelewa mara moja, hata kwenye mabaraza husemwa. Lakini Mwingereza anaona watu waliosafiri kutoka mahali pa mbali. Atajiuliza: kumbe hawa si wenyeji wa kijiji hicho? Mbona basi waliomba matangi ya maji ya hapo? Na ninyi mnangoja pesa za awamu ya pili!

Waingereza husema: "We have come a long way." Tazama vizuri: "a long" ni maneno mawili. Ukiyaunganisha yawe "along", maana inaharibika, kwani hilo ni neno la kufuata kitu, kama mtu anayetembea kando ya mto. Hata waliomaliza sekondari hukosea hapa, maana mdomoni yote husikika sawa.

Tena msemo huu hausemi kazi imekwisha. Unasema tu kwamba mlipo leo si pale mlipoanzia. Kwa hivyo tajeni mlipoanzia: "We have come a long way since 2019, when we had no tank." Ukiachwa peke yake ni maneno matamu tu.

Msemo wenyewe ni wa mazungumzo. Katika barua kwa rafiki wa kikundi, sawa. Katika ripoti ya fedha, andika "We have made good progress." Hapo napo pana mtego: usiandike "a good progress", wala "progresses". Jina hilo halihesabiki moja, mbili, tatu.

Kisha papo hapo toa hesabu: "We have built 3 tanks out of 5. One of the 3 has no roof." Hiyo ya mwisho ndiyo makatibu huiogopa. Iandikeni. Mfadhili akifika akakuta tangi halina paa baada ya kusoma sifa tupu, hatauliza habari ya Kiingereza.

Kabla ya kutuma, mpe mweka hazina aisome kwanza. Yeye ndiye anayejua mabati yamebaki mangapi.