R Mpakani Bunagana: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Masharti haya ni kwa yeyote anayechambua data za Bunagana, mji wa mpakani mwa Kongo na Uganda, kwa lugha ya R: daftari za wanaovuka, joto la mwili lililopimwa kituoni, bei za soko, orodha za kaya zilizokimbia. Ni masharti, si ushauri.

R ikishindwa kuelewa ulichoandika itakupigia kelele, nawe utasahihisha. Hilo halina madhara. Madhara yako kwenye fanksheni iliyokwisha kuamua jambo kwa niaba yako ikakaa kimya. Maamuzi hayo huitwa machaguo-msingi. Mengi yalirithiwa kutoka S, lugha iliyoanza Bell Labs huko Marekani mwaka 1976, kisha Ross Ihaka na Robert Gentleman wakayachukua walipoiunda R Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hakuna kati yao aliyekuwa akiufikiria mji wenye saa mbili, sarafu tatu na namna mbili za kuandika desimali. Mji huo ni wenu, kwa hiyo kazi ya kuufikiria ni yenu.

USIIPE `as.Date()` tarehe bila kuieleza mpangilio wake.

Tarehe 13 Juni 2022 ndiyo siku waasi wa M23 walipoitwaa Bunagana, na watu maelfu kwa maelfu wakavuka kuingia Kisoro, Uganda. Daftari la upande wa Kongo, kwa desturi ya Kifaransa, litaiandika 13/06/2022. Ipe R maandishi hayo hivyo hivyo. Haitakataa, wala haitaonya. Itakurudishia `0013-06-20`, yaani tarehe 20 Juni, mwaka wa 13 baada ya Kristo.

Inafanyaje? Hujaribu kwanza mwaka-mwezi-siku kwa vistari. Ikikosa, hujaribu mpangilio ule ule kwa mikwaju. Inaikuta 13, inaifanya mwaka. Inaikuta 06, inaifanya mwezi. Kisha inachukua tarakimu mbili za mwanzo za 2022, inazifanya siku, na 22 iliyobaki inaitupa. Ndiyo maana daftari zima la miaka hii, likisomwa hivyo, litaonyesha kila tukio limetokea tarehe 20. Ukiuliza kuna siku ngapi kati ya 13/06/2022 na 14/06/2022, utajibiwa 365.

FANYA hivi: `as.Date(x, format = "%d/%m/%Y")`. Halafu tazama `range()` ya safu hiyo. Ukiona mwaka ambao Kongo ilikuwa bado haijaitwa Kongo, simama hapo hapo.

USIIACHE saa bila eneo lake.

Uganda iko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC), mashariki ya Kongo saa mbili, Kinshasa saa moja. Maana yake ni kwamba anayevuka kizuizi cha Bunagana kwa miguu huruka saa nzima. Lori limeandikwa kutoka upande wa Uganda 8:10, likaandikwa kuingia Kongo 7:25. Kwa kweli limetumia dakika 15. Lakini `as.POSIXct()` isipoelezwa eneo huchukua saa ya kompyuta yenyewe, na kwa kompyuta moja nyakati zote mbili ni za mahali pamoja: lori limefika dakika 45 kabla ya kuondoka. Mchambuzi mvivu atalifuta akisema karani alikosea. Karani hakukosea.

FANYA: `tz = "Africa/Lubumbashi"` kwa daftari la Kongo, `tz = "Africa/Kampala"` kwa la Uganda. Usibuni "Africa/Goma", halimo kwenye orodha. Na kama karani ameandika saa kwa hesabu yetu ya Kiswahili, 1:25 kwa maana ya asubuhi, R itasoma saa saba usiku. Hilo lisahihishwe kabla data haijaingia.

USISOME faili la Goma, upande wa Kongo, na faili la Kisoro kwa amri moja.

Kompyuta iliyowekwa Kifaransa huandika joto 37,8 na kutenganisha safu kwa nuktamkato. Ya Kisoro huandika 37.8 na kutenganisha kwa mkato. `read.csv()` inaijua hii ya pili tu. Ipe faili la Kifaransa lenye safu za namba ya mtu (ID), umri na joto, na mstari `101;34;37,8` utakatwa kwenye mkato pekee ulioonekana. Utapata jedwali la safu moja, jina lake `ID.umri.joto`, na ndani yake thamani 8. Vipande vingine, `101;34;37`, vimegeuzwa jina la mstari. Hakuna onyo.

Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, kupima joto mpakani lilikuwa jambo la kila siku. Mpaka ambapo 37,8 inaweza kugeuka 8 si mahali pa kukisia.

FANYA: `read.csv2()` kwa faili la Kifaransa, `read.csv()` kwa la Kiingereza, kisha `str()` kabla ya hatua yoyote. Safu za simu zisomwe kama maandishi kwa `colClasses = c(simu = "character")`, la sivyo sifuri ya mwanzo ya kila namba itaanguka, ya Kongo na ya Uganda pia. Safu ya jinsia nayo vilevile. Daftari la wodi ya wazazi lina F tupu kuanzia juu hadi chini, na R ikiona safu ya F tupu huisoma kuwa `FALSE`. Akina mama wote wa wodi wameandikwa "si kweli".

Na kama safu yako ina misimbo ya nchi ya herufi mbili, kumbuka kwamba NA ni Namibia, lakini R huisoma kuwa thamani inayokosekana. Weka `na.strings = ""`.

USIGAWE umri kwa `cut()` bila `right = FALSE`.

Hapa soma taratibu, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapopotea.

Chukua watu sita. Wawili ni vichanga, daftari limewaandika miaka 0. Mmoja ana 3, mmoja 5, mmoja 18, mmoja 64. Mchambuzi anaandika `cut(umri, c(0, 5, 18, 60))`, anaiweka ndani ya `table()`, anapata: wawili, mmoja, sifuri. Jumla watatu. Nusu ya watu hawapo, na skrini imetulia.

Kwanza, makundi ya `cut()` hufungwa kulia na kuachwa wazi kushoto. Kundi la kwanza si "kuanzia 0", ni "zaidi ya 0 hadi 5". Mwenye miaka 0 hana kundi, anakuwa `NA`. Mwenye 5 anahesabiwa pamoja na walio chini ya miaka mitano, na mwenye 18, mtu mzima kisheria, anatupwa kwa watoto. Mzee wa 64 yuko nje ya ukomo wa mwisho, naye `NA`. Pili, `table()` kwa chaguo-msingi haionyeshi `NA`. Fanksheni ya kwanza imewatoa watu, ya pili imefunga mlango nyuma yao. Kila moja inaeleza tabia yake wazi kwenye mwongozo wake. Zikikutana, hakuna anayeona.

Ripoti ya namna hiyo itakwenda Goma bila kichanga hata mmoja, na idadi ya chanjo itakayoagizwa itafuata ripoti.

FANYA: tumia makundi ambayo UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, huyatumia, 0–4, 5–11, 12–17, 18–59 na 60 kwenda juu, hivi: `cut(umri, c(0, 5, 12, 18, 60, Inf), right = FALSE)`. Na kila `table()` iandikwe na `useNA = "always"`, hata pale unapojua hakuna kinachokosekana. Nataka kuiona sifuri hiyo imeandikwa.

USIBANDIKE `na.rm = TRUE` kila mahali kama dawa.

Watu huilaani `mean()` kwa sababu thamani moja tu ikikosekana, jibu lote huwa `NA`. Mimi naitetea. Ni moja ya machaguo-msingi machache yenye adabu: inakataa kusema isichokijua. Fikiria bei ya maharage soko la Bunagana. Wiki ambazo bei haikuandikwa si wiki za bahati mbaya. Ni wiki za mapigano, wiki ambazo hakuna aliyeweza kufika sokoni. Ukiziondoa, wastani wako ni wa wiki za utulivu, lakini umeuita wa mwaka.

Fanksheni nyingine zimekwisha kukuondolea bila kukuuliza. `lm()` hutupa mstari wenye pengo. `aggregate()` kwa mtindo wa fomula, ukiipa mahindi na maharage pamoja, hutupa wiki nzima ya mahindi kwa sababu tu maharage hayakuandikwa. `sort()` huondoa `NA`, lakini `order()` huziweka mwisho. Usitafute mantiki katika hilo, likariri.

FANYA: `sum(is.na(x))` kwanza, uandike idadi hiyo kando ya wastani, na useme ni wiki zipi.

USIUNGANISHE orodha kwa `merge()` tupu.

Orodha moja imeandikwa upande wa Kongo, nyingine kwenye kituo cha Nyakabande, Kisoro. `merge()` ikiachiwa yenyewe hufanya mambo mawili. Inatafuta kila safu yenye jina linalofanana na kuifanya ufunguo: kama orodha zote mbili zina safu `tarehe`, aliyeandikwa jana huku na leo kule hatakutana na nafsi yake. Kisha inabakiza waliolingana tu. Wengine wote wanatoweka.

Nao kulingana si kazi rahisi hapa. Karani wa Kongo ataandika Djomba, wa Uganda Jomba. Mmoja Tshanzu, mwingine Chanzu. Ni kilima kile kile.

FANYA: taja ufunguo kwa `by =`, weka `all = TRUE`, sanifisha majina ya mahali kabla. Mistari itakayobaki na mapengo usiione takataka. Mtoto aliyeko kwenye orodha moja na mama yake kwenye nyingine atakuwa humo.

USITUMIE `sample()` kwa orodha ambayo huenda ikabaki na kaya moja. Kambi imegawanywa mitaa, kila mtaa una orodha ya namba za kaya, nawe unachagua kaya moja kwa kila mtaa. Mtaa mmoja umebaki na kaya namba 47 peke yake. `sample(47, 1)` haitakupa 47 kwa uhakika. Itachagua namba yoyote kuanzia 1 hadi 47, na mdodosaji atapanda kilima kutafuta kaya ya mtaa mwingine. FANYA: `x[sample(length(x), 1)]`.

USIZIDISHE safu mbili zisizo na urefu sawa. Malipo sita kwa viwango vitatu vya kubadilishia faranga, shilingi na dola: R itavirudia viwango kimya kimya kuanzia lipo la nne, hata kama lipo la nne ni la shilingi. Yangekuwa saba ingeonya. Sita yanagawanyika kwa tatu, basi imeridhika.

USIAMINI kompyuta ya zamani ya ofisi. Kabla ya toleo 4.0.0 la Aprili 2020, maandishi yaliyosomwa kwa `read.csv()` yaligeuzwa kuwa makundi, na `as.numeric()` juu ya makundi hutoa namba ya kundi, si thamani. Bei 1200 inaweza kutoka 3. FANYA: andika `R.version.string` juu ya kila ripoti.

USISHANGAE `round(2.5)` ikikupa 2 na `round(3.5)` ikikupa 4. Nusu huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu. Hilo liache, lina sababu zake.

USIANDIKE `1:length(x)` kwenye mzunguko. Siku mpaka unapofungwa na lori ni sifuri, mzunguko huo utakwenda mara mbili, kwa 1 na kwa 0. `seq_along(x)` haifanyi hivyo.

HESABU mistari. Kabla ya kila hatua na baada yake, `nrow()`. Ikipungua, eleza kwa maandishi ni nani ametoka. Ikiongezeka, basi `merge()` imekutana na namba zinazojirudia na umewazidisha watu. Weka `stopifnot()` ili msimbo ukatae kuendelea idadi isipokuwa ile uliyoitarajia. Na kama huwezi kueleza tofauti ya mtu mmoja, ripoti hiyo usiitume Goma wala Kampala.