Upatanisho wa Nomino za Wanyama: Vinyonga Wamejificha

Tusome kwanza kifungu hiki.

Wanyama wengi hujiokoa kwa kufanana na mahali wanapoishi. Kinyonga wa kijani ana mwili uliobanwa ubavuni kama jani. Akitembea, huyumbayumba kana kwamba anatikiswa na upepo. Rangi yake hubadilika pia kwa sababu ya joto, mwanga au hasira, wala si kwa kujificha tu. Vipepeo fulani wana mabawa yenye rangi kali upande wa juu, lakini wakitua huyakunja, na upande wa chini ukaonekana kama jani kavu. Chura wa rangi ya tope hutulia ukingoni mwa dimbwi, ndege asimwone. Chui naye hujificha ili awinde: madoa yake huvunja umbo la mwili wake katikati ya mwanga na vivuli, hata swala humtambua akiwa amekwisha kumkaribia.

Ufafanuzi

Tukizitazama nomino *kinyonga*, *kipepeo* na *chura* kwa umbo lake, tutadhani ni za ngeli ya KI-VI, kwa kuwa wingi wake ni *vinyonga*, *vipepeo* na *vyura*. Hata hivyo, katika kifungu hatukusema "kinyonga kina" wala "vipepeo vina". Katika Kiswahili sanifu, nomino inayotaja mnyama huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, hata umbo lake likiwa la ngeli nyingine. Twaweza kusema kwamba nomino hizi nazo zimejificha: kiambishi awali huzificha, lakini kitenzi, kivumishi na kionyeshi huzifichua.

(a) Kinyonga huyu mkubwa amejificha. / Vinyonga hawa wakubwa wamejificha.
(b) Chura yule mdogo ameruka. / Vyura wale wadogo wameruka.
(c) Chui yule mkali amenyata. / Chui wale wakali wamenyata.

Tuangalie kwamba *chui* haina wingi wa *vyui*. Hapo upatanisho peke yake ndio unaotuonyesha idadi.

Kanuni hii ina mpaka. Nomino ikipewa *ki-* ya udogo, upatanisho hufuata umbo: *Kijoka hiki kimejificha, vijoka hivi vimejificha.*

Kwa mwalimu

Katika Kiganda, kipepeo ni *ekiwojjolo*. Katika Kinyarwanda ni *ikinyugunyugu*. Katika lugha hizo, kitenzi hufuata kiambishi *ki-* cha nomino. Basi mwanafunzi anayeandika "kipepeo kimetua" hakukosea kwa uzembe. Amefuata kanuni sahihi ya lugha ya kwao. Tukimwekea alama nyekundu bila maelezo, atadhani Kiswahili hakina utaratibu. Tumwandikie sentensi ya lugha yake na ya Kiswahili sambamba, naye aitafute tofauti mwenyewe.

Zoezi

1. Sahihisha: *Kipepeo kile kizuri kimetua juu ya jani. Vyura hivi vinalia.*
2. Andika kwa wingi: *Kifaru yule mzee amelala kichakani.*
3. Kwa nini *kijibwa* na *kiboko* hazichukui upatanisho mmoja? Eleza kwa mifano yako, kisha linganisha na lugha yako ya kwanza.