Kufuta Si Kuondoa

Simson Garfinkel wa Marekani ni mwanasayansi wa kompyuta na mwandishi. Aliunda programu ya kutunzia anwani iitwayo SBook, na mwaka 1991 alitoa, pamoja na Gene Spafford, kitabu juu ya usalama wa mfumo wa Unix. Kitabu chake cha mwaka 2000, *Database Nation*, kilihusu faragha. Lakini fundisho lake lililo wazi zaidi lilitoka katika vyombo vikuukuu.

Kati ya mwaka 2000 na 2002, yeye na mwenziwe Abhi Shelat walinunua diski 158 zilizokwisha kutumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa barabara. Katika nyingine zilipatikana barua za matibabu, na kwa jumla nambari zaidi ya 5,000 za kadi za mkopo.

Sababu yake ni nini? Diski ya sumaku hufanana na kitabu chenye faharasa. Mtu afutapo faili, kwa kawaida kompyuta huondoa jina lake katika faharasa tu. Kurasa zenyewe hubaki mpaka ziandikwe mambo mengine.

Kwa hiyo shule iuzapo kompyuta kuukuu yaweza kuuza pamoja nayo alama, ada na habari za afya za wanafunzi wake. Kinga ni kuandika upya diski nzima, au kuivunjavunja.

Zoezi: Kwa nini faili iliyofutwa leo ni rahisi kurudishwa kuliko iliyofutwa mwaka jana?