Kabla ya Kuandika "Wananchi Waelimishwe"

Halmashauri ikijadili kwa nini watu hawafanyi jambo lenye faida kwao, iwe kutibu maji ya kunywa, kulipa kodi ya majengo au kuwahi kliniki, azimio huwa lilelile: wananchi waelimishwe. Fungu linatengwa, vipeperushi vinachapwa, gari la matangazo linazunguka mitaani, na mwaka unaofuata hali haijabadilika. Hapa ndipo utafiti wa saikolojia unapoweza kuokoa fedha za umma, kwa sababu umeonyesha tena na tena kwamba mtu anaweza kujua, akataka, na bado asifanye. Kazi ya mtunga sera ni kutafuta mahali hasa anapokwama.

Chukua mfano wa mbolea. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Waliona kwamba hata nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo la mahindi kinarudisha gharama na faida juu. Wakulima wengi walisema msimu ujao watanunua. Msimu ukafika, wengi wao hawakununua. Haukuwa ujinga. Fedha huingia baada ya mavuno, mbolea hutakiwa miezi kadhaa baadaye, na hapo katikati kuna ada ya shule, ugonjwa na msiba. Basi watafiti wakamfuata mkulima mara tu baada ya kuvuna, wakamuuzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida, na kumuahidi kwamba atafikishiwa mzigo nyumbani bila nauli wakati atakapouhitaji. Mpango huo waliuita SAFI, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011: matumizi ya mbolea yalipanda karibu sawa na pale ilipotolewa ruzuku ya nusu bei wakati wa kuiweka shambani. Kusogeza siku ya kununua kulikaribia kufanya kazi ya ruzuku nzima. Mhazini yeyote wa serikali anapaswa kulijua jambo hili.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sera, toka ofisini. Kaa kisimani au kwenye foleni ya zahanati asubuhi nzima, utazame kwanza na kuuliza baadaye. Jambo unalolitaka linafanyika siku gani, na siku hiyo mtu ana nini mfukoni? Anatembea umbali gani, anajaza fomu ngapi, anarudishwa mara ngapi? Nani anamwona akilifanya? Klorini inayouzwa dukani humtaka mama aikumbuke kila siku akiwa na shughuli mia. Palipofungwa kasha la klorini kisimani penyewe, huko huko magharibi mwa Kenya, alizungusha kifungo mara moja, kipimo kikaingia kwenye dumu la lita 20, na maji yakajichanganya njiani kuelekea nyumbani. Majirani nao waliona. Watumiaji waliongezeka mno.

Jambo la majirani kuona lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Ndani ya matatu yenye abiria 14, dereva akikimbiza gari, kila mmoja anaogopa na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Watafiti James Habyarimana na Billy Jack walibandika stika ndani ya matatu za Kenya kuwahimiza abiria wapaze sauti, na madereva waliozitunza wakaingizwa kwenye bahati nasibu ya zawadi. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima kwa ajali yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Jaribio la pili, kubwa zaidi, lililobeba jina la Zusha!, lilionyesha upungufu wa robo hadi theluthi. Bado ni watu wengi waliofika nyumbani salama. Lakini angalia jinsi faida ilivyopungua jambo lilipopanuliwa, na upange bajeti yako ukijua hivyo. Nchini Marekani, uchambuzi wa majaribio zaidi ya 120 ya mbinu za aina hii, yaliyofanywa na vitengo viwili vinavyofanya kazi na serikali, ulikuta kwamba watu waliofanya jambo lililokusudiwa waliongezeka kwa wastani wa pointi 1.4 tu za asilimia, wakati makala za majarida ya kitaaluma zilionyesha pointi 8.7.

Usichukue utafiti mmoja ukaufanya waraka. Mwaka 2012 ilichapishwa makala ikidai kwamba mtu akitia saini juu ya fomu, kabla ya kuijaza, husema ukweli zaidi. Wazo lilisambaa haraka. Waandishi wenyewe waliporudia hawakuona kitu, na mwaka 2021 jarida liliiondoa makala hiyo baada ya kugundulika kuwa sehemu ya data zake ilighushiwa. Tafuta jambo lililorudiwa na watu tofauti, ikiwezekana katika mazingira yanayofanana na yako. Kisha lijaribu mwenyewe: andika majina ya vijiji vyote kwenye vikaratasi, piga kura hadharani, nusu vianze na nusu visubiri, halafu linganisha. Vijiji vinavyojitolea visianze peke yake, maana vilikuwa na ari tangu mwanzo na vitakudanganya.

Saikolojia ina mipaka yake. Ujumbe mzuri wa simu hauleti dawa kwenye zahanati isiyo na dawa. Na mbinu ambayo huwezi kuieleza wazi mbele ya mkutano wa kijiji, usiitumie.

Kenya na Tanzania zote huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na rasimu za bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ukiwa diwani, afisa mtendaji au mganga mkuu wa wilaya, chagua huduma moja inayokusumbua, ukakae kwenye foleni yake mwezi huu.