Kimo cha Taa Ipitayo Angani

Jua likiisha kuchwa, mtu aliyeketi nje ya nyumba yake Kibera aweza kuona taa nyeupe ikitokea kusini-magharibi, ikapita utosini kimya kimya bila kumetameta, kisha ikafifia na kuzimika ingawa hapana wingu. Jirani yake atasema ni ndege iendayo kutua Wilson. Nani asema kweli? Shauri hili laweza kukatwa bila darubini, maadamu yuko rafiki Kawangware.

Mara nyingi taa hiyo ni Kituo cha Anga za Juu cha Kimataifa, ambamo watu wamekaa bila kukoma tangu Novemba 2000. King'aacho si taa yake, bali ni nuru ya jua iliyokipiga, kama bati la nyumba ya mlimani ling'aavyo bondeni kukiwa kumekwisha kuingia giza. Kwa kuwa Nairobi i karibu na Ikweta, jua huzama wima, na kivuli cha dunia hupanda upesi. Saa mbili usiku ikipita, kituo kimekwisha kumezwa na kivuli hicho. Akitafutaye usiku wa manane hujisumbua bure; na angoje alfajiri.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kibera na Kawangware zimeachana kama kilometa 5, na Kawangware iko kaskazini-magharibi ya Kibera. Kituo kiendacho kaskazini-mashariki huukata mstari huo msalaba. Kwa hiyo hapana haja ya kulinganisha saa. Kila mtazamaji na aandike tu njia ya taa ilipita wapi kati ya nyota. Hilo ni jambo la bahati sana, maana utosini taa husogea upana wa mwezi mpevu mara mbili kwa kila sekunde, na saa ikikosea kidogo tu hesabu yote huharibika.

Mwanzoni mwa Machi, kama saa moja na nusu usiku, zile nyota tatu za Orioni zilizojipanga mstari huwa utosini. Tuseme wa Kibera ameona taa imeikata nyota ya kati. Wa Kawangware ataiona imepita katikati ya nyota hiyo na ile ya mashariki. Nyota hizo mbili huonekana zimeachana kama fimbo mbili zilizosimikwa mita 1 kutoka kwa nyingine, zikitazamwa kutoka mita 40. Nusu ya pengo hilo, basi, ni sehemu moja ya themanini. Kilometa 5 mara 80 ni kilometa 400, nacho ndicho kimo cha kituo. Ingekuwa ndege irukayo kilometa 10 juu, pengo lingezidi shibiri ya mkono ulionyoshwa.

Si kila jioni kituo hupita utosini, wala si lazima kikate nyota za Orioni. Nyota yoyote ing'aayo karibu na utosi yafaa. Shirika la NASA la Marekani hutangaza mapema saa za kupita kwake. Palipo na taa ndefu za mulika mwizi, mtazamaji na asimame nyuma ya ukuta, ayazoeshe macho yake giza kwa dakika kumi kabla ya saa iliyotangazwa.